Dawa Hugombana Pale Mgonjwa Asipoulizwa

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mfugaji wa Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, hahitaji kufafanuliwa methali hiyo, kwani huishuhudia kila jua lichwapo na mifugo kurejea bomani. Wapo hata hivyo mafahali wa namna nyingine ambao hukutanishwa kila siku katika zizi jembamba zaidi, nalo ni mwili wa mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Mafahali hao ni dawa. Kila moja ikiwa peke yake huponya. Zikikutanishwa bila mpango, moja huweza kuilemaza nyenzake, au zote mbili zikaungana kumdhuru yule yule zilizoletwa kumwokoa.

Mimi si tabibu. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, na wanaoniita daktari huniita hivyo kwa ajili ya sarufi wala si kwa ajili ya sindano. Mambo ya tiba nitakayoyataja humu ni yale yaliyomo katika vitabu vya dawa ambavyo kila mfamasia anavyo, na uamuzi wa nani apewe nini tuwaachie wenyewe waliosomea kazi hiyo. Hata hivyo nathubutu kulizungumza suala hili hadharani kwa sababu sehemu yake kubwa ni ya lugha. Ni suala la nani alimwuliza mgonjwa nini, kwa lugha gani, na jibu likaandikwa wapi. Hapo ndipo mwalimu na mwanafunzi wanapohusika, na ndipo nami ninapopata kibali cha kusema.

Tuanze na maana za maneno, kwani bila hizo tutakuwa tunapigana na vivuli. Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo. Aliingia kwa ugonjwa mmoja, akapata mwingine akiwa kitandani. Kwa kawaida wataalamu huyahesabu kuwa ya hospitalini yakijitokeza baada ya saa arobaini na nane au zaidi tangu mgonjwa kulazwa. Njia zake ni mikono isiyooshwa, mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi, dripu, kidonda cha upasuaji na mashine ya kupumulia. Viuavijasumu, ambavyo wengi wetu huviita antibiotiki, ni dawa zinazoua bakteria au kuzuia wasizaane. Bakteria wa wodini wamezoea kukutana na dawa hizo, na waliosalia ni wale waliojifunza kuzihimili. Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliyeambukizwa wodini mara nyingi huhitaji dawa kali zaidi, au dawa mbili kwa pamoja, na huzipokea mwili wake ukiwa tayari umebeba dawa za ule ugonjwa wa kwanza.

Kwamba jambo hili si la mzaha tunalijua kutokana na ushahidi wa humu humu nchini. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, huko Pwani, waliwafuatilia watoto waliolazwa kati ya mwaka 2002 na 2009, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Miongoni mwa watoto walioingiwa na bakteria katika damu wakiwa hospitalini, asilimia 53 walifariki. Kwa watoto waliokuja na bakteria hao kutoka nyumbani, idadi ilikuwa asilimia 24, na kwa wale ambao hawakuwa nao kabisa, asilimia 6. Mwenye kuzisoma tarakimu hizo taratibu ataelewa kwamba kitanda cha hospitali, ambacho kwetu ni alama ya matumaini, kinaweza pia kuwa mahali pa hatari, na kwamba tiba ya maambukizi hayo haina nafasi kubwa ya kubahatisha.

Je, dawa hugombanaje? Kwa ajili ya wanafunzi, nitaugawa ugomvi wao kwa kufuata mahali unapotokea.

Mahali pa kwanza ni ndani ya chupa au bomba la sindano, hata kabla dawa haijaufikia mwili. Kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, penisilini na jentamaisini ni jozi ya miaka mingi, na ni jozi njema. Lakini zikitiwa katika bomba moja la sindano, penisilini huinyang'anya jentamaisini nguvu zake. Mtoto atakuwa amedungwa dawa mbili na kufaidika na moja. Hali kadhalika seftriaksoni, dawa ambayo imeenea katika hospitali zetu, haipatani na maji ya dripu yenye kalsiamu kama yale yanayoitwa Ringer au Hartmann. Vikikutana hufanya chembechembe ngumu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo baada ya vifo vya watoto wachanga. Kwa mtoto ambaye hajapita siku ishirini na nane, viwili hivyo havikutanishwi kamwe. Kwa mtu mzima, vinaweza kufuatana ikiwa mpira wa dripu umesafishwa vyema kati ya kimoja na kingine.

Mahali pa pili ni tumboni. Siprofloksasini na dokisisaiklini zikimezwa pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, hushikamana na madini yaliyomo humo, na sehemu kubwa ya dawa hupita tumboni bila kuingia katika damu. Kwa siprofloksasini, maelekezo ni kuimeza angalau saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake. Kwa mkazi wa Nairobi huenda hili likawa jambo dogo. Kwa mfugaji ambaye maziwa ya ngamia ndiyo chakula chake na kinywaji chake, na ambaye chai yake haikamiliki bila maziwa, ni jambo kubwa mno. Aidha, upo utafiti uliofanywa Yemen na kuchapishwa mwaka 1997, ulioonyesha kwamba kutafuna miraa hupunguza kiasi cha ampisilini kinachoingia mwilini, na kwa kiwango kidogo zaidi amoksilini pia. Dawa ilipomezwa saa mbili baada ya kutafuna, athari hiyo haikuwa ya kutia wasiwasi. Ni wauguzi wangapi wanaouliza kuhusu miraa wanapotoa vidonge vya ampisilini?

Mahali pa tatu ni kwenye ini, ambako mwili huzivunjavunja dawa. Hapa rifampisini ndiye fahali mkuu. Dawa hii hutumika dhidi ya kifua kikuu, na pia dhidi ya bruselosi, ugonjwa unaotokana na mifugo na maziwa mabichi, ambao si mgeni kwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki. Rifampisini huliamsha ini likaziondoa dawa nyingine kwa kasi: vidonge vya kupanga uzazi, baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, dawa za kuzuia damu kuganda, na hata ile dokisisaiklini ambayo aghalabu hupewa pamoja nayo kutibu bruselosi. La kuzingatia zaidi ni kwamba nguvu hiyo haikomi siku mgonjwa anapoiacha. Huendelea kwa muda wa kama wiki mbili. Kwa hiyo mgonjwa anayejibu kwamba dawa hiyo alikwisha kuiacha juzi bado anayo katika hesabu. Meropenemu nayo, ambayo ni mojawapo ya silaha za mwisho dhidi ya bakteria sugu wa wodini, huishusha upesi dawa ya kifafa iitwayo valproeti. Kijana aliyekaa miaka bila kuanguka anaweza kuanza kuanguka tena akiwa mikononi mwa waliokuja kumtibu nimonia.

Mahali pa nne ni kwenye figo na masikio. Jentamaisini huelemea figo, na ikizidi huharibu uwezo wa kusikia. Furosemaidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, huiongezea jentamaisini madhara hayo ya masikio. Daiklofenaki na dawa za maumivu za ukoo wake nazo huzielemea figo zile zile. Hapo hakuna dawa iliyoinyima nyenzake nguvu, bali zote zinavuta kamba upande mmoja, na upande huo ni wa hasara.

Nauchukua mji wa Hulugho kuwa mfano kwa sababu za wazi. Uko kusini mashariki mwa mji wa Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Wengi wa wakazi wake ni Wasomali, na katika misitu ya upande huo wapo pia Waboni, wenye lugha yao. Mhudumu wa afya anayepelekwa huko huenda akawa ametoka Kisii, Machakos au Kakamega, amesomea kazi yake kwa Kiingereza na anazungumza na wagonjwa kwa Kiswahili. Mvua kubwa zikinyesha, barabara huwa taabu kupitika. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Garissa, na huko hukutana na watu wengine kabisa, ambao hawajui alikotoka alimeza nini. Kwa ufupi, kati ya mgonjwa na dawa yake zipo lugha tatu au nne, na mikono mingi.

Tuseme yupo mzee mmoja, wa kubuni, aliyeanguka akavunjika paja. Amelazwa, akawekewa mpira wa mkojo. Siku ya nne anaanza kutetemeka kwa homa, na mkojo unaonyesha maambukizi. Anaanzishiwa jentamaisini. Kwa sababu ya maumivu ya mfupa anapewa pia daiklofenaki. Kumbe mzee ana shinikizo la damu, na nyumbani humeza furosemaidi, ambayo mwanawe anaendelea kumpa kutoka mfukoni kwa nia njema kabisa, bila kumwambia muuguzi. Figo zinaanza kulegea. Anabadilishiwa siprofloksasini ya vidonge, anayoiteremshia kwa chai ya maziwa asubuhi na jioni. Homa haishuki. Daktari anasema bakteria ni sugu, dawa hii imeshindwa, tuchukue iliyo kali zaidi. Tena mzee huyo ana kisukari na humeza glibenklamaidi, ambayo ikikutana na siprofloksasini huweza kuishusha sukari ya damu hadi akapoteza fahamu. Katika kisa hiki hakuna mtu mwovu. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Kilichokosekana ni mtu mmoja kukaa na mzee na mwanawe na kuuliza, kwa lugha wanayoielewa, maswali matano au sita, kisha kuyaandika majibu mahali ambapo kila mmoja atayaona.

Angalia pia kwamba katika kisa hicho bakteria alisingiziwa usugu. Huenda hakuwa sugu hata kidogo. Dawa ndiyo haikumfikia. Kosa la namna hiyo husukuma hospitali kutumia dawa za akiba kabla ya wakati wake, na dawa za akiba zikizoeleka, usugu wa kweli hufuata. Kwa njia hiyo, kikombe cha chai ya maziwa ambacho hakikuulizwa huko Hulugho kinaweza kuwa na sehemu yake katika janga linaloisumbua dunia nzima.

Sasa nije kwenye uwanja wangu. Neno la Kiswahili *dawa* na la Kisomali *daawo* ni ndugu wa baba mmoja, kwani yote mawili yametoka katika Kiarabu. Mtu angedhani basi kwamba swali la dawa litaeleweka bila taabu pande zote mbili. Lakini maana ya neno haimo katika asili yake, imo katika matumizi. Kwa Kiswahili tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya mapenzi. Neno lenye mipaka mipana hivyo, kila mtu huyachorea mipaka yake. Muuguzi akiuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine, mgonjwa huweza kuelewa dawa nyingine za hapa hospitalini, naye hujibu hapana kwa dhati. Vidonge alivyonunua dukani wiki jana havimo katika hesabu yake. Habasoda haimo, kwa kuwa ni kiungo na baraka. Miraa haimo, kwa kuwa ni starehe. Maziwa hayamo, kwa kuwa ni chakula. Mgonjwa hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa, ila swali lenyewe halikuwa swali lililokusudiwa.

Dawa ya tatizo hilo ni kuliacha neno lenye mipaka mipana na kuuliza kwa vitu vyenyewe. Leo asubuhi umekunywa nini? Kidonge ulikimeza na nini? Nyumbani, kabla ya kuja, ulikuwa ukimeza vidonge vya nini? Vya sukari? Vya presha? Vya kifafa? Vya kifua? Ulinunua chochote dukani? Ulipewa mizizi au majani? Unatafuna miraa, na saa ngapi? Mgonjwa aulizwe haya siku ya kulazwa, na aulizwe tena siku anapoanzishiwa kiuavijasumu kipya. Mfuko wa plastiki wenye vidonge alivyokuja navyo ufunguliwe mezani mbele yake na vitajwe kimoja kimoja.

Lipo pia suala la mkalimani. Katika wodi zetu mkalimani huwa ni yeyote aliye karibu: mtoto wa mgonjwa, mlinzi, mfagiaji, au mgonjwa wa kitanda cha pili. Wote wanastahili shukrani, lakini hawakufunzwa kazi hiyo, na wengine hawafai kwa sababu ya heshima. Mama anayemeza vidonge vya kupanga uzazi kwa siri hatasema hivyo kupitia kinywa cha mwanawe wa kiume au cha shemeji yake. Atanyamaza, apewe rifampisini, na mimba asiyoitarajia ndiyo itakayokuja kusema. Kumtafutia mama mkalimani mwanamke, na kumwuliza faraghani, ni sehemu ya tiba sawa na kumpima damu.

Jambo jingine ni saa. Bahasha za vidonge huandikwa moja mara tatu, nasi husoma kwa sauti: kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Sasa, mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba kutwa ni tangu alfajiri hadi magharibi. Usiku una neno lake, nalo ni kucha. Mgonjwa anayekijua Kiswahili vizuri ana haki ya kumeza vidonge vyote vitatu kati ya mapambazuko na machweo, kisha kuuacha usiku mzima bila dawa, ilhali makusudio yalikuwa kumeza kila baada ya muda wa saa nane. Na hiyo saa nane nayo ina mtego. Kwetu saa nane ni muda wa saa nane zilizohesabiwa, na pia ni ile saa ya baada ya adhuhuri. Anayeambiwa ameze kila saa nane anaweza kusubiri saa nane ya mchana na saa nane ya usiku, yaani mara mbili badala ya tatu. Watu wa kawaida wamelitatua tatizo hilo kwa kusema *masaa manane* wanapokusudia muda. Sisi walimu huwakata alama wanafunzi kwa neno hilo. Darasani tuendelee na kanuni zetu, lakini wodini ningependelea mgonjwa aambiwe masaa manane akapona kuliko kuambiwa saa nane kwa usanifu akapotea. Lililo bora zaidi ni kuzitaja nyakati zenyewe: baada ya sala ya alfajiri, alasiri, na kabla ya kulala.

Katika mwezi wa Ramadhani suala hili huzidi uzito. Mgonjwa ameruhusiwa na dini asifunge, lakini wengi wakisharuhusiwa kwenda nyumbani hufunga, na vidonge vyao huhamia kwenye futari na daku. Siprofloksasini ikamezwa pamoja na maziwa ya futari, tumerudi kule kule. Simshauri mtu yeyote aache maziwa. Kumwambia mfugaji aache maziwa ni kumwambia aache kula. Isitoshe, si viuavijasumu vyote vyenye ugomvi nayo. Amoksilini, kwa mfano, haidhuriki kwa maziwa. Kinachotakiwa ni kuzipanga saa, na saa haziwezi kupangwa bila mazungumzo.

Tusisahau maandishi. Chati ya dawa iliyo miguuni pa kitanda ni matini kama matini nyingine, na matini isiyosomeka haina maana. Mgonjwa husema anameza Septrin, chati husema kotrimoksazoli, na barua ya rufaa husema kifupisho chenye herufi tatu. Vyote ni kitu kimoja. Asiyejua huweza kumpa mgonjwa dawa ile ile mara mbili chini ya majina mawili. Kila dawa iandikwe kwa jina lake la asili, kwa herufi zinazosomeka, ikifuatwa na kipimo, njia ya kuitoa, saa, siku ilipoanza, na siku ya kuitathmini. Hilo la mwisho lina uzito. Wataalamu hushauri kwamba sampuli ya damu au mkojo ichukuliwe kabla ya kiuavijasumu kuanza, kisha baada ya siku mbili au tatu tiba yote iangaliwe upya: je, bado inahitajika, yaweza kupunguzwa, yaweza kubadilishwa kutoka sindano kwenda vidonge? Kila dawa inayoondolewa bila hasara ni ugomvi mmoja uliopungua. Mgonjwa anapohamishiwa Garissa, nakala ya chati hiyo isafiri naye, pamoja na dawa za nyumbani alizozitaja.

Najua watakaonijibu kwamba haya ni maneno ya mtu wa maneno. Watasema kwamba linalotakiwa Hulugho ni maabara ya kuotesha bakteria, mashine ya kupimia figo, wafamasia wa kutosha na maji ya bomba, wala si mihadhara ya isimu. Sipingani nao. Bila kipimo cha figo, anayetoa jentamaisini kwa mzee anatembea gizani. Bila maji na sabuni, maambukizi yenyewe hayatakwisha, na kuyazuia ni bora kuliko kuyatibu: mikono ioshwe kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, na mpira wa mkojo utolewe siku ile ile usipohitajika tena. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitoa sera ya kitaifa ya kuzuia na kudhibiti usugu wa vimelea, na ni haki ya mkazi wa Hulugho kuona sera hiyo ikimfikia kitandani. Ila hata maabara iliyo bora namna gani haiwezi kuona kidonge kilicho mfukoni mwa mwana wa mgonjwa. Ni swali tu linaloweza kukitoa, na swali halihitaji umeme wala bajeti ya ziada.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kinaitaka dola kukuza lugha za kiasili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivyo viwili visisomwe kila kimoja kivyake. Haki ya afya inayotolewa kwa lugha asiyoielewa mgonjwa ni nusu ya haki.

Kwa hiyo nina mapendekezo kwa wenzangu. Vyuo vikuu vyenye idara za lugha vianzishe mafunzo mafupi ya ukalimani wa hospitalini, na Kisomali kiwe miongoni mwa lugha za mwanzo. Kisomali kilipata maandishi yake rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kwamba hakiandikiki. Walimu wa sekondari katika Garissa, Wajir na Mandera waungane na wafamasia wa kaunti zao kuandaa kadi moja ya maswali, kwa Kiswahili upande mmoja na Kisomali upande wa pili, ibandikwe katika kila wodi. Walimu wa sayansi wawafundishe wanafunzi kusoma bahasha ya dawa kama wanavyowafundisha kusoma ramani. Nanyi wanafunzi, ambao katika nyumba nyingi ndio wasomaji wa pekee, mna kazi ambayo hamhitaji kusubiri shahada ili muifanye. Chukueni karatasi leo, muandike majina ya vidonge vyote anavyomeza babu au bibi, vya nini na saa ngapi, muiweke karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chake. Siku atakapolazwa, huenda karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa chati ya kwanza ya kweli atakayoiona daktari.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba ugonjwa ukizidi ni kuzidisha dawa. Methali hiyo ina mahali pake, lakini mahali pake si wodini. Huko, kabla dawa ya pili haijaongezwa juu ya ya kwanza, na kabla ya tatu haijaletwa kuziokoa hizo mbili, pana wajibu wa kuuliza na kusikiliza. Wenye kalamu za kuandikia dawa wauulize, na sisi wenye chaki tuwasaidie kuuliza kwa lugha inayofika.